Nilivyompangusa Jasho Mama wa Watu Katika Kanisa Kuu

Nataka niseme mapema kwamba siku ile niliamka nikijiona mtu mwenye akili. Nilikuwa mwalimu wa sekondari pale Beni, asiyepata mshahara kama walimu wote wa nyakati zile za vita, lakini nilikuwa na miwani, na miwani kwa mwalimu wa Beni ilikuwa nusu ya diploma. Nusu nyingine ilikuwa Kifaransa changu, ambacho nilikitumia hata kununua ndizi. Wauza ndizi walinivumilia.

Dada yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alikuwa ameolewa Butembo na mfanyabiashara Mkatoliki. Sisi ni Waprotestanti. Baba alikuwa seremala na shemasi: siku sita alipiga misumari, siku ya saba alipiga vita ibada ya sanamu. Dada alipofuata dini ya mume wake, baba hakugomba wala hakulaani. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitutesa kuliko kelele. Harusini hakwenda. Mtoto alipozaliwa, mama alipanda lori akaenda kumwona, akarudi anasimulia mashavu na nywele, na baba akawa anatafuta randa yake chumba kizima ilhali ameishika mkononi.

Basi siku moja dereva wa lori la mawese, mtu wa kwenda na kurudi kati ya Beni na Butembo, alisimama mbele ya nyumba yetu bila kuzima mashine. Alikuwa na ujumbe wa dada, na aliutoa kama alivyoupokea, hata sauti alijaribu kuiga.

"Anasema hivi: dimanche tutaimba mu cathédrale, concert ya makwaya yote. Kisha ile, kesho yake, bwana yangu anatupeleka Kampala, vita imemuchosha. Papa akikuya, nitafurahi. Akikosa kukuya, hapana tena kumusumbua."

Siku hizi Kampala ni safari ya mtu na begi lake. Wakati ule mpaka ulifungwa na kufunguliwa kulingana na nani ameamka na bunduki nyingi, na waliovuka hawakujua watarudi lini. Mama alinitazama, mimi nikamtazama baba, na baba akatazama tairi za lori. Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba asipokwenda Jumapili ile, atakuwa amempoteza binti na mjukuu ambaye hajamtia machoni.

Nikaamua kazi ya kumshawishi ni yangu. Nilitayarisha hotuba ya maana, yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho, yenye mitume, manabii na neno la Kifaransa hapa na pale la kuikoleza. Jumapili alfajiri nikaingia sebuleni nimevaa miwani na shati langu jembamba jeupe, nimevuta pumzi ya kuanza utangulizi, nikamkuta baba anapiga pasi koti lake jeusi kwa mkaa.

"Barabara ni mubaya," alisema bila kuinua kichwa. "Hapana kuenda peke yako."

Hotuba nzima ikanibaki tumboni. Tulipanda lori lilelile la mawese, mama akabaki kulinda nyumba. Njiani nilijaribu kuitoa japo sehemu ya pili, dereva akaniomba kwa upole ninyamaze ili asikilize mashine.

Kwenye kizuizi cha tatu askari wa wakubwa wa mwezi ule, maana wakubwa walibadilika, walitushusha sote. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya kike ya sufu, alinizunguka mara mbili akaniangalia usoni kwa mapenzi makubwa.

"Mwalimu, leta lunettes nijaribie."

Nikampa miwani. Akaivaa, akatazama mlima, akayumba kidogo, akashika bega la mwenzake. "Kitoko!" alisema kwa Kilingala, yaani maridadi. "Sasa niko ministre." Wenzake wakampigia saluti. Nilisubiri anirudishie, nikasubiri mpaka dereva aliponivuta mkono. Waziri akatupungia kwaheri kwa upande ambao hatukuwapo.

"Ungezificha mu mufuko," baba aliniambia lori lilipoondoka. "Ulizivala juu ya nini? Uone, ao uonekane?"

Jibu alilijua mwenyewe. Tangu pale dunia ikawa ukungu, na tulipoanza kupanda kuelekea Butembo ukungu wa kweli ukajiunga nao. Butembo ni baridi. Mtu wa Beni mwenye akili huchukua sweta. Mimi nilichukua Kifaransa.

Kanisa kuu la Butembo si jengo la kufichika, hata kwa kipofu wa muda kama mimi. Nje kulikuwa na mafuriko ya watu, waliotoka mjini na vijijini, wengine kwa miguu kutoka Vuhovi, na vitenge vya kwaya vya kila rangi. Tamasha lilipangwa kuanza mapema mchana ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza, kwa maana giza lilikuwa la wenye silaha. Dereva alituambia wazi: atashusha mawese, atapakia, akipiga honi tutoke tulipo, wimbo uwe umekwisha ama haujaisha.

Baba alifika mlangoni akasimama. Watu walimpita kushoto na kulia wakichovya vidole katika maji ya baraka. Nilidhani sasa ndipo hotuba yangu itapata kazi.

"Niko naingia kuangalia paa tu," alisema. "Mimi ni seremala. Paa haina dini."

Akaingia huku ameinua uso juu kabisa, na hivyo akafaulu kupita sanamu zote bila kukutana na hata moja. Tulikaa katikati, kwenye benchi lililokwishajaa, watu wakasogea kama ilivyo desturi. Mimi nilikaa karibu na mama mmoja mnene mwenye rozari, ambaye alinisikia nikitetemeka kwa baridi akanipa ncha ya kitenge chake nijifunike. Ndivyo nilivyoanza maisha yangu katika kanisa kuu, mwalimu mzima, chini ya kitenge cha mama nisiyemjua.

"Sasa atajuaje kama tuko hapa?" nilimnong'oneza baba.

"Nani?"

"Dada."

Baba aliendelea na paa. "Mbao ya pale ni murefu," alisema.

Hapo nikaelewa shida yetu. Baba amekuja, lakini hakusema atamsalimu mtu. Honi ikilia kabla ya mwisho tutatoka, naye dada atavuka mpaka akiamini baba yake hakuja. Itakuwa kana kwamba hatukupanda lori. Nikaapa kwamba kabla ya honi dada atatujua tupo, hata ikibidi nipande juu ya benchi.

Kwaya ya kwanza ilikuwa ya watu wa Vuhovi, yenye ngoma mbili na kayamba. Lazima mjue kwamba katika kanisa letu la Beni miaka ile tuliimba tumesimama wima, kitabu mkononi, na kilichotikisika ni midomo. Ngoma zilipoanza, nikaona ukungu wa rangi ukiinuka kwenye mabenchi. Watu walikuwa wanatoka wakicheza, wanakwenda mbele kwa waimbaji. Kwa kupepesa sana macho nikabaini kidogo: huyu anatandika kitenge chini ya miguu ya mwimbaji, yule anampepea, mwingine anamfuta jasho la uso kwa leso, kisha anarudi mahali pake akicheza vilevile.

"Mama," nilimuuliza jirani yangu, "kule banafanya nini?"

"Banafurahisha mwimbaji wabo. Kama uko na wako, unaenda unamupanguza jasho."

Mungu ni mwema, nilijiambia, hii ndiyo njia. Nitakwenda mbele, nitampangusa dada, nitamwambia sikioni "Papa iko hapa," kazi imekwisha. Nikaazima leso kwa mama yule. Alinipa kubwa, nyeupe, yenye maua pembeni, na akanisukuma kidogo kunipa moyo. Ila kuna kitu hakuniambia, kwa sababu kwa Mkatoliki wa Butembo ni kama kumwambia mtu kwamba supu huliwa kwa kijiko: watu hutoka wakati wa ngoma. Ukija wimbo wa taratibu, wa Kilatini, hakuna atikisikaye. Mtoto mdogo wa pale anajua hilo tangu akiwa mgongoni.

Kwaya zilifuatana. Nilikaa ukingoni mwa benchi na leso yangu. Hatimaye mtangazaji akataja parokia ya dada, na kikundi kikubwa cha buluu kikapanda mbele. Wanawake wote walivaa kitenge kimoja na kitambaa kimoja cha kichwa. Bila miwani niliona ukuta wa buluu wenye nyuso. Lakini mimi sikosi mbinu. Dada yangu tangu utoto alikuwa mrefu na mnene, fahari ya mama, aliyebeba debe la maji mikono ikiwa huru. Nikapepesa macho, nikampata: mstari wa mbele, katikati, mrefu na mnene. Kinanda kikaanza, umeme wa jenereta ukitetemesha sauti kidogo. Wimbo ulikuwa wa polepole. Kanisa zima likanyamaza mpaka nikasikia tumbo langu.

Nikainuka.

Nilitoka nikicheza. Hakukuwa na ngoma, kwa hiyo nilijipigia moyoni, na hatua nilizocheza hazipo katika dini yoyote. Mkono mmoja ulishika leso juu, mwingine ulipepea hewa, kama nilivyoona wale wa Vuhovi. Nilipofika katikati ya njia nilihisi macho ya Butembo yote mgongoni, nikayachukua kuwa ni pongezi. Nyuma yangu mama wa rozari alisema kwa sauti, "Yesu wangu."

Nikamfikia dada. Nikampangusa paji la uso, mashavu, chini ya kidevu, kwa mapenzi yote ya miaka ile, nikamwinamia sikioni nikasema, "Papa iko hapa!"

Yule mama hakuwa dada yangu. Kwa karibu vile hata mimi niliona. Alikuwa mama wa makamo mwenye mwanya, mwimbaji wa kuongoza, na wimbo mzima ulikuwa unamtegemea yeye. Na aliimba! Nampa heshima yake mpaka leo: hakuacha hata silabi moja. Aliimba huku akikwepa leso kushoto, akiikwepa kulia, macho yamemtoka, na mahali pa kuvuta pumzi akanisemesha kwa haraka, "Papa ya nani?" kisha akapanda noti ya juu.

Mwongoza kwaya alinisukuma kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kugawa mapigo. Sikujua niende wapi. Kurudi ilikuwa kupita tena mbele ya watu wote, na miguu, kwa haya, ilikuwa bado inacheza. Kanisani kicheko kilianza kama mvua inayotoka mbali juu ya mabati.

Ndipo nikaona doa jeusi linakuja katikati ya njia. Halikukimbia, ila halikusita. Lilikuwa koti la baba.

Nimefikiri mara nyingi juu ya ile njia aliyoipita. Mtu aliyeingia uso juu ili asione kitu alitembea kanisa lote, akiangalia mbele, macho ya Wakatoliki wote yakimtazama, kuja kumtoa mwanawe aibuni. Alinishika kiwiko kwa mkono uliozoea kubana mbao.

"Kuya tutoke," alisema kwa meno. "Uko nanihaibisha."

"Papa?"

Sauti ilitoka mstari wa pili, nyuma ya bega la yule mama mwenye mwanya. Nilipepesa macho. Kumbe dada alikuwa pale muda wote, amejificha nyuma ya karatasi yake kwa kucheka, na sasa hakucheka. Nisingemtambua hata kwa miwani miwili. Vita na kuzaa vilikuwa vimemla nusu. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge kilekile cha kwaya, ameamka, na alikuwa anavuta kitambaa cha kichwa cha mama yake kwa mikono yote miwili.

Baba alimwangalia. Kinanda kilikuwa kinaendelea, wengine walikuwa wanaimba, mwongoza kwaya alikuwa amekata tamaa na familia yetu.

"Uko nakonda," baba alimwambia. "Banakulishaka nini huku?"

"Papa, niko naimba," alisema dada. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Imba basi."

Lakini kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeshamfika machoni. Dada akafungua fundo kifuani, akamleta mtoto mbele kwa ule mzunguko mmoja wanaoufanya mama zetu bila kufikiri, akamnyoosha juu ya mabega ya wenzake.

"Mushike, papa. Iko nanisumbua."

Ili ampokee, ilibidi aniachie mimi. Aliniachia. Alimpokea mtoto kwa mikono yote miwili, mbali na koti kwanza, kama mtu anayepokea saa ya ukutani, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Mtoto alisahau kitambaa akashika sikio la baba. Baba hakurudi kwenye benchi. Alisogea pembeni mwa kwaya ya Kikatoliki, chini kabisa ya sanamu ya Bikira Maria, akasimama pale akitikisa magoti kidogokidogo kufuata wimbo ambao hakujua hata neno lake moja. Sikuwahi kumwona akitikisa kitu kanisani.

Mimi nilibaki mbele ya kanisa zima na leso ya maua, sina wa kunitoa. Nililia bila kujificha. Mama mwenye mwanya, alipomaliza ubeti wake, alininyang'anya leso akanipangusa mwenyewe, na kanisa likapiga makofi, kwa nani sijui.

Wimbo wa pili wa kwaya ile ulikuwa wa ngoma. Watu walitoka kama kawaida, wakamzunguka baba bila kuuliza ni wa dini gani, wakampepea yeye na mtoto. Mama mmoja alitandika kitenge chini ya viatu vyake vya ushemasi. Baba alikiangalia kwa muda, akakikanyaga kwa uangalifu mkubwa, asikichafue.

Honi ililia wakati kwaya ya mwisho ikipanda. Ililia tena. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele karibu na dada, mtoto amelala kifuani pake, na hakugeuka. Mwisho dereva aliingia mwenyewe, kofia mkononi, akitutafuta benchi kwa benchi, na alipotuona akasimama akangoja mpaka wimbo ukaisha. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba jua linashuka na barabara ina watu wake.

Mlangoni baba alimrudishia dada mtoto. Baba alimuuliza kama Kampala kuna baridi, dada akasema hapana, baba akasema vizuri. Akamwekea mkono kichwani, juu ya kile kitambaa cha buluu, akauacha pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Wasingya," alimwambia kwa Kinande, asante, na sijui ilikuwa asante ya nini kati ya mengi.

Ndani ya lori nilingojea hukumu yangu. Tulipita vizuizi vyote. Kwenye kile cha waziri, dereva alituambia, waziri mwenyewe alikuwa amelala, miwani yangu ikiwa puani. Karibu na Beni, joto lilipoanza kuturudia, baba alifungua mdomo.

"Siku ingine," alisema, "kama unataka kucheza, sikiliza kwanza kama kuko ngoma."

Na mabega yake yakaanza kutetemeka, nikashtuka nikidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka dereva akapunguza mwendo.

Dada na familia walivuka mpaka kesho yake. Barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Alirudi Beni vita vilipopungua, akiwa na binti mrefu anayesema Kiganda, naye baba alikuwa tayari chini ya udongo. Msichana aliniomba nimweleze babu yake, kwa sababu hamkumbuki. Nilimweleza yote, hata leso, hata hatua zangu, akacheka sana, kisha akaniuliza kwaya zilizobaki zilikuwa ngapi. Nadhani alikuwa anahesabu kama mimi: tangu ule wimbo wa Kilatini mpaka mlangoni, ndio muda wote walioupata, yeye na babu yake.